Karte Haikuchukuliwa Juu Ulisimama

Nsimire, mutoto wangu,

Sasa hivi nimekuona. Ulifikiri niko nyuma ya nyumba naanika nguo, kumbe nilikuwa nimesimama pa dirisha na beseni mukononi. Ulifunga mulango, ukakamata magongo yako, ukatembea toka kitandani mpaka kwenye meza. Ukarudi. Mara ya pili ukaburuta muguu wa kuume, ule ambao siku zote unautupa mbele vizuri. Mara ya tatu ukaburuta yote miwili, ukainamisha mugongo kama muzee wa miaka makumi nane, ukajiangalia ndani ya kioo. Ukatikisa kichwa kama mwalimu ambaye kazi ya mwanafunzi haijamufurahisha. Ukaanza tena.

Nikakuuliza kupitia dirisha, "Weye, unafanya nini?"

"Najizoeza."

"Unajizoeza nini?"

"Kutembea vibaya. Kule Bukavu wakinipima juu ya karte mupya ya kilema, wasinione nimesimama. Safari hii sitasimama, mama. Hata waniite na jina la ubatizo."

Ukacheka. Na mimi nikacheka, juu unajua kuchekesha mutu hata kama hataki. Halafu nikaenda kuweka beseni chini, na mimi mwenye miguu mizima nikashindwa kuinuka pale. Nimekaa juu ya jiwe mpaka nguo zote za kwenye kamba zikaanza kukauka na za ndani ya beseni bado zinangoja. Kisha nimechukua daftari yako ya mwaka jana, ile yenye kurasa zimebaki, na nimekuja kuandika mbele jua haijaingia. Kesho asubuhi unapanda bato, na bibi yako atakungojea upande wa pili wa ziwa. Sina siku ingine.

Mambo ya sabuni, ya kufua, ya kumeza dawa na chakula tumboni, bibi atakuambia mpaka uchoke. Ile si ya barua. Hii ya barua ni ingine, na sijui niianzie wapi. Kichwa changu kiko kama soko wakati mvua inaanza: kila mutu anabeba kitu, kila mutu anakimbia, na ukimuuliza anaenda wapi hana jibu. Nisamehe kama nitarudia neno. Unajua mimi niliacha masomo mwaka wa pili ya sekondari, juu wewe ulikuwa njiani, na tangu hapo mambo mengi najifunza nyuma ya wakati.

Nianze na karte.

Ulikuwa na miaka kumi. Unakumbuka ile siku ya picha, walikukataza kucheka na wewe ukafunga mashavu mpaka ukatoka kama mutu ameumwa na jino. Yule bwana wa ofisi alinieleza kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu aliona Kifaransa yangu ni ya kusalimia tu. Aliniambia: mama, kila kitu kinachouzwa kiko na kodi ndani yake, mukiona ao musione. Kitu kikitoka inje ya inchi, kodi ya mupaka tena inapanda juu. Lakini kile ambacho mutoto huyu anahitaji juu ya miguu yake, magongo, mipira ya chini ya magongo, kiti cha magurudumu, vyuma, dawa, pale kodi inaachiliwa. Nikamushukuru sana, nikasema Mungu akubariki kwa kutuhurumia. Akakataa. "Si huruma, mama. Sisi wengine miguu tulipewa bure, hatukulipa kodi ya TVA. Kwa nini yeye alipe?"

Nilisikia vizuri. Sitakudanganya leo kwamba sikusikia. Lakini wakati nilishuka zile ngazi, kichwani mulikuwa mumebaki neno moja tu: inaachiliwa. Mengine yalibaki kule juu na yule bwana.

Unajua mutaa wetu huu wa Katoyi. Haya mawe ya volkano yanakula mipira ya magongo kuliko vile mutoto anakula mukate. Mwezi mumoja, mwezi na nusu, muti umeanza kugonga jiwe. Tulikuwa tunavuka mupaka kununua mipira ng'ambo, kwa sababu huku wakati ule haikupatikana. Siku ya kwanza na karte, ajenti wa duane, mukata kodi wa mupakani, aliangalia picha yako, akakuangalia, akaandika katika kitabu kikubwa: mipira ya magongo, mbili. Akasema, "Pita, mama." Ile "pita mama" sikuisahau. Mimi tangu nizaliwe, mukubwa akiniita ofisini ni kunidai karatasi ambayo sina. Siku ile walinifungulia. Nilikubeba mugongoni toka pale mpaka kwenye pikipiki, na wewe ukanipiga piga na gongo begani ukisema, "Mama, naweza kutembea, nishushe." Sikutaka kukushusha. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Wiki mbili nyuma ya pale, Mama Zawadi akakuja. Wewe unamujua kama jirani wa kukupa mandazi, lakini ujue pia kwamba kazi yake ilikuwa kuvuka kila siku na bidhaa, na duane ilikuwa inamumaliza. Akakaa pale kwenye mulango, akaangalia karte yako imetundikwa kwenye musumari.

"Mama Nsimire, weye uko na mulango na unalala inje."

"Mulango gani?"

"Mutoto wako hanywi maziwa?"

"Anakunywa. Nikipata."

"Basi kesho mutoto anunue maziwa. Kartoni moja. Mimi nitasaidia tu kubeba."

Papa yako wakati ule alikuwa amekwama Rutshuru alikoenda kununua maharagi, barabara imefungwa, maharagi haikushuka na yeye pia hakushuka. Ndani ya nyumba tulikuwa na chumvi. Siisemi hii ili unionee huruma. Naisema juu nimejaribu kukumbuka kama siku ile kulikuwa kitu ndani yangu kilichokataa, na kweli kilikuwako, kidogo, kama mutu anayekohoa katika chumba kingine. Nilikisikia. Nikasema, "Sawa, moja tu."

Maziwa ilipita. Mama Zawadi akatuachia makopo. Ulilamba ule unga katika kiganja chako usiku na asubuhi, na mimi nikajiambia, unaona, ni ya mutoto kweli.

Nyuma ya maziwa, bikwembe. "Mutoto havai?" Nyuma ya bikwembe, muchele. "Mutoto hakuli?" Kila mara Mama Zawadi alikuwa na swali, na kila mara jibu lake lilikuwa ndiyo, juu mutoto anakunywa, anavaa, anakula, nani atasema hapana? Akaazima kinga ya mudogo wake, ile baiskeli ya magurudumu tatu. Tulikuwa tunapanga mizigo chini yako na nyuma yako, tunafunika na shuka, na wewe unakaa juu kama bibi arusi. Ulipenda. Ulikuwa unawapungia watu mukono. Ajenti mumoja, yule kijana wa kuchekacheka, aliandika katika kitabu na kusema, "Huyu mutoto anakula kama seminari nzima." Tukacheka wote. Mimi nilicheka kupita wengine, na sasa nikikumbuka kile kicheko changu nasikia aibu kuliko kwa ile mizigo.

Kitu sikuelewa, na hata leo naelewa nusu: niliamini kodi inaachiliwa wewe. Yaani kwamba uko na kitu kama baraka, na kila ulichogusa, ulichokalia, kilichowekwa karibu yako, baraka inakipata. Kumbe kodi iliachiliwa ile mipira. Ile miguu. Si wewe mwenyewe kama mutu wa kupitishia. Unaona tofauti? Mimi nimeiona juzi tu, na inanikimbia tena nikitaka kuishika.

Sasa ile siku. Naifikia.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa mafuta, bidoni za njano, madumu mengi, mpaka miguu yako ilikuwa imekunjwa juu yake. Yule kijana wa kucheka hakuwako. Alikuwako muzee mumoja wa miwani, miwani yenyewe imefungwa na uzi upande mumoja. Alifungua kitabu, akasoma ukurasa wako toka juu mpaka chini, na kidole. Hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe.

"Dada, hii mafuta ni ya nani?"

Na wewe ukasimama. Ulikamata magongo, ukajivuta toka juu ya bidoni, ukasimama wima kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikufundisha hivyo tangu ukiwa mudogo: mukubwa akikuuliza, unasimama, kama wengine wote, hata kama ni nguvu kwako. Ulisimama vizuri kuliko siku yoyote. Ukasema, "Ni yangu, papa."

"Yote?"

"Ndiyo, papa."

"Unaifanyia nini?"

"Ninapaka miguu."

Watu kwenye mustari walicheka. Muzee hakucheka. Alivua ile miwani, akakuambia, "Kaa, binti yangu, usichoke." Halafu akafunga kitabu, akachukua karte, akaiweka ndani ya kisanduku cha meza.

Hii yote uliiona. Sasa sikia ile ambayo hukuiona. Aliniita kando, karibu na ukuta, na alisema kwa sauti ya chini ili wewe usisikie. Aliniambia: "Mutoto amesema bongo, uongo, kwa ajili yako. Sitamuuliza tena, nitamuaibisha bure. Nitakungojea weye. Siku utakuja kuniambia ile mizigo ya kitabu kizima ilikuwa ya nani, unarudi na karte yake. Haijapotea. Inakungoja."

Hakusema hata neno moja juu ya kusimama kwako. Hata moja, Nsimire.

Mvua ilitupata njiani. Nilikuwa nasukuma ile kinga, bidoni tumeziacha kule, Mama Zawadi ametembea mbele anasemasema peke yake. Ukageuka, maji yanakuingia katika macho, ukaniuliza, "Mama, ni juu nilisimama?"

Na mimi nikakujibu, "Pengine."

Nimeandika hilo neno na nimeliangalia muda murefu. Ni neno dogo. Nilikuwa na baridi, nilikuwa na haya, nilikuwa naogopa Mama Zawadi atasema nini. Nilijiambia nitakueleza nyumbani tukisha kauka. Nyumbani kulikuwa wageni. Kesho yake ulikuwa na homa. Kesho kutwa ukaonekana umesahau, nikasema ndani yangu, afadhali, mutoto anasahau. Hukusahau. Mimi ndiye nilikuwa najifanya kusahau, na wewe ulikuwa unabeba.

Juu nilianza kuona. Ile Jumapili, wakati wa Injili, kanisa nzima ikasimama na wewe ukabaki umekaa. Zamani ulikuwa unasimama kwa magongo yako mpaka neno la mwisho, hata yule katekista alikuwa anakuonyesha wengine kwa kidevu. Nikakunong'oneza, "Umechoka?" Ukasema, "Hapana." Nikakuacha. Kisha mwalimu wako akaniambia akiingia darasani unabaki kwenye benchi, eti pengine miguu imezidi. Nikamujibu, ndiyo, imezidi. Nikaongeza bongo ya pili juu ya ya kwanza ili ya kwanza isione baridi.

Na ile mipira. Bila karte tulikuwa tunailipa na kodi yake yote, ao hatuinunui. Ndipo nilianza kukupeleka kwa yule fundi wa viatu vya tairi akate vipande na kuvipigilia misumari chini ya magongo. Vilikuwa vinashika kwenye jua. Kwenye mvua vilikuwa kama sabuni. Siku ulianguka pale bombani na kupasua kidevu, ulisema kosa ni lako, ulikuwa unakimbia mvua. Niliosha damu. Nilijua mupira wa kweli uko wapi. Ulikuwa ndani ya kisanduku cha meza, pamoja na karte, na ungetoka kwa sentensi moja ya kinywa changu.

Sasa sababu ninaandika leo na si siku ingine. Masera, wale watawa wa kituo cha walemavu cha Bukavu, walipokubali kukupokea ujifunze kushona na wakutengenezee vyuma vya miguu, waliandika kwamba vile vyuma vinatoka mbali. Vikiingia kwa jina la mutu mwenye karte, kodi inaachiliwa. Bila karte, jamaa inalipa yote, na wataanza kwanza na watoto ambao karatasi zao ziko sawa. Wakauliza: je, Nsimire ana karte? Wewe ulisoma ile barua mbele yangu. Ukasema, "Tutaomba ingine huko." Ndiyo maana ya mazoezi yako ya leo.

Mimi sikulala na lile swali, na wiki iliyopita nikaenda. Nilienda kwanza mupakani. Yule muzee wa miwani hayuko tena, meza pia haiko, watu wote ni wapya. Wewe unajua vile utawala umegeuka, siku hizi mutu hajui tena muhuri gani unaishi na gani umekufa. Wakanituma kwenye maofisi ya mutaa wa Himbi. Himbi, ofisi ya kwanza ikaniambia hii ni ya mupakani. Nikasema natoka mupakani. Wakaniambia basi uliza nyumba ya pili. Nyumba ya pili walifikiri natafuta kazi ya kufagia. Nilizunguka mpaka nikaanza kucheka peke yangu barabarani. Mwishoni mama mumoja mwenye mimba kubwa, karani, akanionea huruma, akaingia katika chumba cha nyuma na kutoka na kile kitabu. Kilikuwa na vumbi lakini kilikuwa kile.

Akafungua kwa jina lako, akanisomea. Maziwa. Maziwa. Bikwembe. Muchele. Maziwa. Mafuta. Alisoma kwa sauti ya kawaida kama mutu anasoma majina ya wabatizwa. Kisha akaniangalia.

"Mama, huyu ni mutoto ao ni depo ya mizigo?"

Akarudisha kidole juu ya ukurasa.

"Na mipira ya magongo iko hapa juu, mara tatu tu. Ile ndiyo ilikuwa yake."

Nikamuuliza kama unaweza kupata karte ingine Bukavu. Akasema watauliza ya huku kwanza, na ukurasa kama huu unamufuata mutu. Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema niandike karatasi, kwa mukono wangu, niseme ile mizigo haikuwa ya mutoto, niseme ilikuwa ya nani, niweke sahihi. "Nitafungwa?" nikamuuliza. Akapapasa tumbo yake, akafikiri kweli, sikuona kama ananidharau. "Sijui, mama. Hapa kila mwezi wanabadilisha. Pengine utalipa ile kodi, pengine kipande, pengine watakusamehe. Mimi najua tu hii: ukurasa huu ukibaki hivi, mutoto wako ni mwizi na hajui."

Nilirudi kwa miguu toka Himbi mpaka hapa.

Nilimuambia Mama Zawadi. Nilifikiri atakasirika. Hakukasirika, aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. "Nani atakuuliza? Ule muzee ameenda. Na vile vitabu, iko siku vitachomwa, na wewe utakuwa umejichoma mbele. Ngojea." Nikamuambia mutoto anaondoka. Akasema, "Basi aende. Masera hawakosi njia." Halafu akanipa nusu ya ile sombe nikupikie leo. Nsimire, sijui nimuweke fasi gani ndani ya moyo. Wakati tulikimbia na magodoro kichwani, ni yeye alikubeba toka barabara kubwa mpaka kule shuleni tulikokimbilia, na alikuwa na watoto wake pia. Sitamuandika katika ile karatasi, nitajiandika mimi. Si kwa sababu namuogopa. Karte ilikuwa kwenye musumari wangu, na ni mimi niliitundua kila asubuhi.

Ile karatasi nimeijaribu mara tatu. Ya kwanza nilieleza njaa mpaka ukurasa ukaisha na mafuta sikuyafikia. Ya pili nilijaza salamu. Ya tatu ni mistari mine na iko chini ya godoro. Kesho nikisha kuona bato imetoka, nitaenda nayo Himbi. Naogopa sana. Lakini kuna kitu kingine pia ndani yangu ambacho sijakijua jina, kama wakati umefua nguo nzito na unajua zitakauka tu, hata kama leo jua ni ya uongo. Nafikiri karte itarudi. Kama haitarudi upesi, itarudi polepole.

Sasa yako.

Kule kituoni kuna fundi wa kupima miguu. Masera waliandika: atakuambia usimame, atakuambia utembee, ataangalia muguu gani unabeba na gani unasaidiwa, na vyuma vitakatwa kufuata vile ameona. Unaelewa kwa nini nilikosa nguvu pale dirishani? Ukiburuta ule muguu wa kuume ambao ni muzuri, atautengenezea chuma cha muguu mubaya. Utavaa muguu wa bongo miaka na miaka. Na utakuwa umefanya hivyo juu ya neno langu moja la kwenye mvua.

Basi akikuambia simama, simama kama ile siku. Mutu wa kuachiliwa kodi si mutu wa kulala chini ili waone. Chuma ni chako hata ukitembea nacho mpaka sokoni, hata ukicheza ngoma nacho. Hawatakunyang'anya eti juu kimekufaa. Hiyo ndiyo kazi yake.

Na kitu kingine, sijui kama ni shauri, ni ile tu imenipata. Huko utakutana na watu wazuri. Wazuri kweli, wa kukupa mandazi. Mumoja atakuja siku moja na kitu kidogo, atasema kiweke chini ya kiti chako tu, wewe hawatakuuliza. Usimutukane. Jiulize tu: hii iko juu ya miguu yangu, ao miguu yangu iko juu ya hii? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na miaka makumi mbili na kidogo, nilikuwa naona kila mulango uliofunguka ni Mungu.

Lakini tena usiogope kudai. Hapa nachanganyikiwa, juu naona nitakufundisha woga, na sitaki. Kile ambacho ni chako, mipira, dawa, vyuma, kiombe kwa sauti, na faktire, ile karatasi ya bei, mukononi, na wakikuambia ngoja, ngoja ukiwa umekaa mbele yao, usiende kungojea inje. Yule bwana wa kwanza alisema si huruma. Mimi nilichukua miaka tano kuelewa yule bwana. Wewe uko na akili kunipita, utaelewa mbele ya kufika Bukavu.

Nilikuwa nataka kuficha hii barua ndani ya mufuko wako, chini ya sweta, uikute ukisha fika, wakati mimi niko ng'ambo ya ziwa na huwezi kuniangalia. Njo vile nilipanga. Ungeisoma mbele ya bibi, ungelia ao ungekasirika, na mimi ningekuwa mbali na macho yako. Sasa naona vile niliandika na naona bado nakukimbia. Miaka tatu nakukimbia ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Sijui kama utanisamehe. Sikuulizi leo. Unaweza kupanda bato na hasira yako yote, ni yako, hakuna mutu atakukata kodi juu yake. Nataka tu upande unajua.

Nasikia magongo yako kwenye mawe. Unaniita, "Mama, kuja kwanza, sombe inaungua na wewe unaandika nini huko?" Umekuja mpaka kwenye mulango, na unangoja. Nakuja, mama yangu. Kalamu naiweka chini, na nitakuambia mbele hatujakamata chakula, macho yangu yakiwa ndani ya yako, kwamba ile siku pale mupakani, ile karte, wewe hukufanya kosa: haikuchukuliwa juu ulisimama.